Mwalimu Aliyerudi Kung'oa Bulugamu

Mwalimu wetu alikuwa akinusa udongo kabla ya kusalimu watu. Tukifika shamba lolote, mwenyeji akija na mkono ameunyoosha, yeye alikuwa tayari ameinama, ameokota donge, amelivunja kwa vidole na kulipeleka puani. Ndipo angejipangusa kiganja kwenye sketi na kusema, "Hamjambo hapa?" Wenyeji wengine walimwona mtu wa dharau. Sisi wanafunzi tulisimama nyuma yake tukiona aibu kwa niaba yake, kisha tukazoea, na siku hizi mimi mwenyewe nikifika mahali mkono wangu hushuka chini kabla sijauambia.

Tulimwita Madam, kama wanafunzi wanavyowaita walimu wote wa kike, lakini pale chuoni Kitale ukisema "Madam" bila kuongeza jina kila mtu alijua ni yeye. Alifundisha kilimo cha bustani na miti, na baadaye akapewa somo jipya la kurejesha ardhi iliyoharibika. Tulijiandikisha wachache. Wengi walitaka maua ya kuuza ng'ambo, au parachichi. Hata mimi nilikuwa nimetaka maua, ila nafasi zilikuwa zimejaa. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza aliponiuliza kwa nini nimekuja kwake. Aliniangalia kidogo.

"Angalau wewe umesema ukweli," akasema. "Hawa wengine wameniambia ati wanapenda mazingira."

Darasa lake lilikuwa shimo. Nyuma ya chuo watu wa barabara walikuwa wamechimba murram, udongo mwekundu wa kutandaza barabarani, wakaenda zao, wakaacha bonde jekundu, gumu kama sakafu, ambalo mvua ikinyesha lilijaa maji ya rangi ya chai, na jua likiwaka lilipasuka. Madam alitupeleka pale na majembe na akatuambia tusipande kitu. Muhula mzima tulichimba vishimo vidogo vya umbo la nusu mwezi, tukatia samadi, tukafunika kwa mabua ya mahindi, tukangoja. Nyasi zilipoota tulishangilia. Yalipofuata magugu, mwenzetu mmoja aliyetoka familia ya wakulima hodari alianza kuyang'oa, na Madam akamfokea kutoka ukingoni mpaka akaangusha jembe.

Mkuu wa chuo alikuja akasimama juu ya shimo na mikono kiunoni.

"Madam, Ijumaa tuko na wageni. Hii mahali inakaa kichaka."

"Asante sana," Madam akajibu. "Mwaka jana ilikaa lami."

Magugu yakabaki. Wageni walipitishwa upande mwingine.

Alikuwa na usemi wake mmoja, na aliurudia hata wale wasiosoma somo lake wakawa wanamwigiza nao bwenini: "Usiniambie ni kijani. Niambie ni nini." Ukimpeleka kwenye kilima chochote ukasifu jinsi kilivyopendeza, atakuuliza hiyo kijani ni ya mimea gani, iko mingapi, chini yake kumeota nini, ndege gani anatua hapo. Kama ulikuwa hujui, ulirudi kesho yake na daftari. Sikuelewa wakati ule kwa nini neno hilo lilimkera hivyo. Nilidhani ni ukali tu wa walimu.

Katika kitalu cha miche hatukuruhusiwa kutupa mche uliokufa. Kila mmoja ulifanyiwa uchunguzi kama maiti, na ripoti ikaandikwa. Mche wangu wa kwanza kufa ulikuwa wa lusiola, ule mti wetu wa maua ya manjano, na niliandika, "Uliuawa na jua." Madam alichukua wembe akapasua karatasi ya nailoni iliyobeba udongo wake. Mizizi ilikuwa imejizungusha chini mara nyingi, imekaza kama waya.

"Jua limesingiziwa," akasema. "Huu umekaa humu ndani ukingoja mtu. Huyo mtu ni nani?"

Nilikuwa mimi. Nilikuwa nimechelewa kuuhamisha kwa sababu ya uvivu. Niliandika ripoti upya, na akanifanya niweke sahihi.

Pamoja na ukali huo, alikuwa mtu wa kuokotaokota. Mkoba wake haukuwa na vitu vya wanawake wengine. Ulikuwa na mbegu: kwenye bahasha za kanisa, kwenye leso, kwenye kopo la marashi lililoisha. Siku moja tulikwenda naye matangani, mzazi wa mwalimu mwenzake alikuwa amefariki. Hotuba ziliendelea. Nikamwona Madam ameinama kwenye kiti, kichwa karibu kiguse magoti, na mama mmoja aliyekaa kando yake akaanza kumpapasa mgongo na kumwambia, "Pole, mama. Jikaze." Alikuwa anaokota mbegu zilizodondoka kutoka kwenye mti uliotutia kivuli. Baadaye, garini, alitwambia kwa uso mkavu kwamba alishindwa kumwambia yule mama ukweli, ikabidi alie kidogo.

Wala sitaki mtu adhani alikuwa mtakatifu wa miti ya asili. Nyumbani kwake, mtaa wa nje ya Kitale, mbele ya dirisha la sebule, alikuwa amepanda mawaridi yaliyotoka mbali, na aliyapulizia dawa kila wiki, dawa zile zile alizotukataza. Tulipomuuliza alisema, "Haya ni ya kanisa," kana kwamba hilo lilitosha. Alitufundisha kwamba msitu unahitaji miaka hamsini, lakini foleni ya watu watatu benki ilimshinda, aligeuka akaenda zake. Na alikuwa na chuki ya pekee kwa siku za kupanda miti, zile za mahema na fulana. Siku moja mgeni wa heshima alipanda mche chuoni mbele ya kamera pamoja na karatasi yake ya nailoni. Madam alipiga makofi kama sisi sote. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kengele, nilimkuta pale amepiga magoti, ameufukua mche, anachana karatasi kwa kisu cha jikoni. Aliurudisha, akakanyagia udongo vizuri na kunyoosha kibao chenye jina la mgeni.

"Mti haujamkosea mtu," akaniambia. Hakulizungumzia tena.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike.

Mwaka wa pili kila mwanafunzi alitakiwa kuleta mahali palipoharibika anapopajua, pafanyiwe mpango. Mimi niliandika kuhusu kwetu. Sisi ni watu wa chini ya Kamukuywa, upande wa Bungoma. Shamba la baba linateremka hadi kwenye kibonde ambacho zamani kilikuwa na chemchemi. Nyanya yangu aliteka maji pale. Nilipozaliwa mimi, pale palikuwa matope kiangazi na maji kidogo masika, na nilipofika darasa la sita palikuwa pakavu kabisa. Kuzunguka kibonde kulikuwa na mikaratusi, ambayo kwetu kila mtu huiita bulugamu, mirefu, imenyooka, safu kwa safu hadi ukingoni. Mama alikuwa akienda mtoni kuteka, mwendo mrefu, na kupanda mlima na mtungi kichwani.

Madam alisoma karatasi yangu ofisini, akairudia.

"Kwenu kuna kanisa la mawe juu ya mteremko?"

"Ndiyo, Madam."

"Na njia inapita kando ya kisima cha zamani, halafu inashuka kushoto?"

"Ndiyo. Umewahi kufika?"

Aliikunja karatasi. "Mimi ndiye niliyeleta hiyo miti," akasema.

Alinieleza palepale, bila kuzungukazunguka. Alipotoka chuo akiwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, alipewa kazi ya afisa wa kilimo nyanjani. Aliendesha pikipiki, jambo ambalo wanawake hawakulifanya, na watu walitoka nje kumwangalia. Alikuwa na miche ya bulugamu na maneno aliyofundishwa: mti huu unakua haraka, utashika udongo, utawapa mbao, upandeni hasa mahali penye unyevu. Alikwenda boma kwa boma kutoka Kamukuywa hadi Chwele. Watu walimwamini. Baba yangu, aliyekuwa ameoa juzijuzi, alikuwa mmoja wao.

"Kijani ilikuja haraka kweli," akasema.

Tulikwenda kwetu Jumamosi iliyofuata, yeye na mimi tu. Baba alimtambua kabla hajashuka garini. Alifurahi, akamwita kwa jina la enzi zile, Dada wa Pikipiki, akaagiza kuku achinjwe. Madam alikataa kukaa. Alisimama uani na kumwambia kwamba alikuja kuomba msamaha, kwamba ile miti ndiyo iliyokunywa chemchemi, na kwamba angependa iondolewe ukingoni.

Baba aligeuka akaitazama miti. Halafu akasema, pole pole, kwa ile sauti ya wazee wetu ambao L na R kwao ni ndugu:

"Madam. Ni wewe uliniambia nipande. Sasa ni wewe unaniambia ning'oe."

"Ndiyo, Mzee. Ni mimi."

"Hii miti imesomesha watoto. Huyu unayemfundisha, karo yake imetoka wapi? Si ni hapa? Kila mwaka nakata, nauza fito, analudi shule. Chemchemi ingemsomesha?"

Sikujua nitazame wapi. Ilikuwa kweli. Kila muhula wangu, tangu sekondari, ulikuwa umetoka kwenye safu zile. Niliangalia miti, nikamwangalia Madam.

"Hapana," akasema. "Haingemsomesha."

Akashukuru, akaaga. Kuku alikuwa bado hajaiva.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini Madam alirudi mwezi uliofuata, na uliofuata tena. Hakuleta hoja. Alikuja na mche wa ndizi siku moja, siku nyingine na kipimo cha usawa wa ardhi tulichotumia chuoni, mbao tatu na jiwe linaloning'inia, akamwonyesha baba jinsi ya kuchora mistari ya mitaro shambani juu, ili mvua inywewe na udongo badala ya kukimbia. Hilo baba alilipenda, maana mbolea yake ilikuwa inaishia mtoni. Walichimba pamoja. Nilimwona mwalimu wangu, mtu wa kukimbia foleni ya watu watatu, akikaa kwenye kigoda akimsikiliza baba akisimulia habari za ng'ombe kwa saa nzima. Mara ya nne alisema neno moja tu kuhusu miti. Alisema safu mbili za karibu na kibonde zingetosha kwa kuanzia, zile za juu zibaki.

Baba akasema atafikiria. Hapo mama, aliyekuwa akipanga vikombe kwenye sinia, akakaa chini. Mama si mtu wa kusema mbele ya wageni.

"Baba yao," akasema, "wewe ulipanda. Mimi nilibeba."

Baba akamwangalia.

"Sijasema miti ni mbaya. Watoto wamesoma. Lakini kila karo uliyolipa, mimi nililipa na shingo hii. Wamemaliza sasa. Huyu ndiye wa mwisho. Mimi pia nataka kupumzika."

Mama alichukua sinia akaingia ndani. Wiki ile baba aliita watu wa msumeno.

Ningependa kusema maji yalirudi upesi. Visiki vilichipua ndani ya wiki chache, kwa hasira, kila kimoja na machipukizi kumi, tukavichuna magome na kuvifukia kwa udongo, vikachipua tena. Tulipanda mianzi na mikuyu na matete. Mikuyu ya kwanza ilikufa yote, na tuliifanyia uchunguzi: ng'ombe wa jirani, pamoja na ukuta wetu wa miiba uliokuwa na pengo. Madam aliandika ripoti na kuitia sahihi yeye mwenyewe. Tukapanda tena. Nilimaliza chuo, nikapata kazi Bungoma mjini, nikawa narudi wikendi. Mwaka mmoja ukapita bila kitu, na wa pili. Jirani mmoja aliniambia, "Si mngeacha tu miti ya mzee, bana." Na baba, ambaye hakunilaumu hata mara moja, alikuwa akishuka peke yake jioni kukitazama kibonde kitupu.

Kisha masika ya mwaka wa tatu mama alinipigia simu kazini. Alisema kuku walikuwa wanatoka kibondeni na miguu yenye matope, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki mbili. Nilipofika niliona doa la unyevu lisilozidi upana wa ungo. Mwaka uliofuata lilikuwa maji ya kujaza kikombe, ukingoja. Leo yanajaza ndoo, ukikaa. Si ile chemchemi ya nyanya, na Madam aliniambia wazi kwamba huenda isiwe tena katika maisha yangu. Mama huteka hapo. Mtungi wa kwenda mtoni aliujaza udongo akapandia sukuma wiki.

Nilimweleza Madam kwa simu siku ile ya matope ya kuku.

"Ni matope ya rangi gani?" akauliza.

"Meusi."

"Yananukaje?"

Nilikuwa nimeshanusa. Nikamwambia.

Baada ya kustaafu hakupumzika. Alikuwa amejipa kazi moja, kurudi katika yale maboma ya ujana wake, moja baada ya jingine. Watoto wake hawakuipenda kazi hiyo. Mmoja aliniomba nimzuie. Kwingine alipokewa kama kwetu. Kwingine alifukuzwa, na sehemu moja alikuta shamba limegawanywa viwanja, bulugamu na chemchemi vyote viko chini ya nyumba za kupangisha. Nilimuuliza mara moja kama haoni anajilaumu kupita kiasi, kwani alikuwa mfanyakazi tu aliyetumwa. Alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Nilitumwa na pikipiki na miche," akasema. "Lakini mdomo ulikuwa wangu."

Mwaka jana alinipigia. Magoti yalikuwa yamemshinda, na kuna boma moja lilibaki, juu ya Chwele, kuelekea mlimani. Nilikodi gari. Tulipita katikati ya soko siku ya mnada, ng'ombe wakizuia barabara, naye akawa anafungua dirisha na kuwaambia wenye pikipiki wapishe, tuna haraka. Nilikuwa na miaka mitatu sijamwona. Mikono ilikuwa imekonda, na alinishika bega kupanda njia ya mwisho, akisimama kila hatua chache, akijifanya anaangalia mimea.

Tulimkuta mwenye boma, kikongwe kuliko yeye, anachambua maharagwe uani. Nilimwamkia kwa kumwita Kukhu, kama tunavyowaita nyanya zetu. Tukapewa viti. Na Madam, aliyekuwa akihema bado, akaanza kusema yale aliyokuja kusema: alivyofika na pikipiki, aliyowaambia, jinsi alivyokosea, kwamba anaomba msamaha.

Kukhu alisikiliza hadi mwisho. Akamtazama usoni, akakaza macho.

"Mama, mimi sikukumbuki," akasema.

"Nilikuwa kijana. Nilivaa kofia ya pikipiki, nyekundu."

"Hapana. Hiyo miti alileta mzee wangu. Alipenda miti. Hakuniambia kama kulikuwa na mtu." Alichukua maharagwe mengine. "Umetoka Kitale yote kuniambia hiyo?"

Nilimwona Madam akitazama viganja vyake, na sikujua kama alikuwa amepunguziwa mzigo au amenyang'anywa kitu. Miaka yote hiyo alikuwa amembeba mwanamke huyu moyoni, na mwanamke mwenyewe hakuwahi kumbeba.

"Basi kama ni msamaha, nimekupa," Kukhu akasema. "Chukua. Lakini maji hakuna, hiyo ni kweli. Wajukuu wanateka mbali. Sasa wewe ambaye umesomea, niambie nifanye nini na huko chini."

Nilimgeukia Madam, kama nilivyokuwa nikifanya tangu siku zile za shimo la murram. Alikuwa ameegemea kiti, amefumba macho. Alinyoosha kidole bila kuyafumbua.

"Muulize huyu," akasema.

Kukhu akanigeukia. Aliacha maharagwe, akaweka mikono mapajani, akaningoja kwa imani yote, jinsi ambavyo lazima baba yangu alimngoja yule msichana wa pikipiki. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na mianzi na mikuyu na matete, na mitaro ya juu, yote yamepangika kichwani. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

"Kukhu," nikasema, "kwanza nipeleke ukanionyeshe."

Aliinuka kwa kunishika mkono. Tukateremka pamoja, pole pole, yeye mbele.